Petali Arobaini na Nane

Dalia moja ya kitambaa inahitaji petali 48: mzunguko wa nje 24, wa kati 16, wa ndani 8. Kukata vipande kunachukua dakika 10. Kila petali inakula dakika mbili, na hapo nazungumzia mkono uliokwisha kuzoea. Kuzipanga na kuweka kitovu ni dakika 24 nyingine. Jumla ni saa mbili na dakika kumi. Kima cha chini cha mshahara katika mkoa wa Kyoto, kilichoanza Oktoba 2024, kilikuwa yen 1,058 kwa saa. Ukizidisha unapata karibu yen 2,300 za mikono peke yake. Bado hujalipia kitambaa, gundi, karatasi ngumu ya chini na kibanio cha chuma, ambavyo kwa pamoja vinafika yen 350. Dalia hiyo tunaiuza yen 2,800.

Vituo viwili vya basi kutoka ninapoishi kuna duka la vitu vya yen 100. Lina ua linalofanana na letu ukilitazama kwa mbali.

Nasoma shahada ya uzamili ya uchumi wa kilimo, kwa hiyo nina ugonjwa wa kupigia hesabu kila kitu. Hesabu ya dalia niliipiga nyuma ya risiti, nikamwonyesha mwalimu wangu wa maua. Akaiangalia, akacheka bila kufungua mdomo, kisha akaniuliza kama nimeweka muda wa kuosha ubao wa gundi. Sikuwa nimeuweka.

Kazi yenyewe inaitwa tsumami zaiku. Zaiku ni kazi ya mikono. Tsumami ni kufinya, kushika kitu kwa ncha za vidole kama unavyochukua chumvi kidogo kutia mchuzini. Ni kazi iliyokua Japani katika kipindi cha Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868, na mpaka leo maua haya ndiyo yanayopamba nywele za wasichana wanapovaa kimono. Pambo la nywele lenyewe huitwa kanzashi. Jiji la Tokyo limeiweka kanzashi ya aina hii katika orodha yake rasmi ya kazi za jadi.

Niruhusu nieleze inavyofanyika, kwa sababu watu wengi wakiona picha wanadhani maua yanashonwa. Hakuna sindano. Unakata hariri nyembamba katika vipande vya mraba vya sentimita tatu, au mbili na nusu, au hata moja kama una macho na subira. Unakishika kipande kwa kibano, unakikunja pembe kwa pembe kipate kuwa pembetatu. Unakunja tena, pembetatu ndogo zaidi. Yeyote aliyewahi kufunga sambusa jioni ya Ramadhani mikono yake inajua tayari njia hii. Ukikunja mara ya tatu katikati, unapata petali yenye ncha kali, ambayo Wajapani huiita ya upanga. Badala yake ukizirudisha zile ncha mbili nyuma mpaka juu, unapata petali ya mviringo. Hizo mbili ndizo alfabeti yote. Krisanthemu, plamu, sakura, dalia, ndege korongo mwenye mabawa wazi, vyote vinaandikwa kwa herufi hizo mbili.

Ukishakunja, unapunguza ukingo wa chini kwa mkasi, halafu unaisimamisha petali juu ya ubao uliopakwa gundi ya wanga. Petali zinasimama hapo kwa mstari, zinakunywa gundi taratibu kwa miguu yao. Ukiziondoa mapema zinafunguka. Ukichelewa, gundi inapanda ikaacha doa. Sensei hatumii saa. Anazigusa kwa upande wa kidole kidogo, anajua.

Nilimpata kwa kutafuta joto. Ilikuwa Januari yangu ya kwanza, chumba changu kilikuwa na baridi ya kukata mfupa, na ukumbi wa mtaa ulikuwa na hita ya bure pamoja na darasa la Jumamosi lililogharimu yen 500. Wanafunzi wenzangu walikuwa wanawake saba, mdogo wao akiwa na umri wa mama yangu. Sensei ana miaka sabini na kitu, mfupi, anavaa aproni ya jinzi. Baada ya miezi minne aliniambia mikono yangu haina haraka. Kwa Kijapani changu cha wakati ule sikuwa na hakika kama ni sifa. Wiki iliyofuata akaniuliza kama ninatafuta kazi.

Hapo lazima niseme jambo la karatasi, kwa sababu rafiki zangu nyumbani huniandikia: "Dada, si ufungue tu duka lako mtandaoni?" Mwanafunzi wa kigeni hapa huomba kibali cha kufanya kazi, na kibali cha kawaida kinamruhusu kuajiriwa kwa saa zisizozidi 28 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Kuendesha biashara yako mwenyewe ni habari nyingine, yenye maombi yake. Kwa hiyo mimi si mfanyabiashara. Ni mwajiriwa wa Sensei kwa saa nane kwa wiki, na nyingine pale soko linapofika. Maua ninayotengeneza ni yake, yanauzwa kwa jina la kibanda chake. Mimi nalipwa saa zangu, iwe ua limenunuliwa au limerudi ndani ya boksi.

Soko letu kubwa ni la tarehe 15 ya kila mwezi, katika uwanja wa hekalu la Chion-ji, mtaa wa Hyakumanben. Ni soko la vitu vilivyotengenezwa kwa mkono: mikate, vikombe vya udongo, soksi za sufi, sabuni, vijiko vya mbao. Tarehe 21 tunakwenda hekalu la Toji, na tarehe 25 Kitano Tenmangu, lakini huko tunakwenda kununua. Kuna marundo ya kimono za zamani, nyingine zina doa la chai au mkono ulioliwa na nondo, unapata moja kwa bei ya chakula cha mchana. Kimono hukatwa kwa mistari iliyonyooka tangu mwanzo, karibu hakuna mviringo, hivyo ukiifumua unarudishiwa vipande virefu vya hariri kama vilivyotoka kwa mfumaji. Sensei hufumua akiwa anatazama habari kwenye televisheni. Nguo ya marehemu fulani inageuka maua ya mtoto fulani.

Kuna kalenda katika kazi hii, na mimi niliyezaliwa Tanga, ambako mwaka hugawanywa na pepo za kusi na kaskazi, nilichelewa kuielewa. Maiko, yaani wasichana wanaojifunza kazi ya ugeisha hapa Kyoto, hubadilisha maua ya nywele kila mwezi. Februari ni plamu, Machi maua ya njano ya nanohana, Aprili sakura, Mei maua ya fuji yanayoning'inia kama zabibu, Oktoba krisanthemu, Novemba majani mekundu ya momiji. Aliye katika mwaka wake wa kwanza huning'iniza maua mengi zaidi pembeni mwa uso, na anavyokua katika kazi yanapungua. Mtu anayejua akiyatazama tu anasoma mwezi na daraja. Niliposimuliwa hili nilimfikiria mama yangu, ambaye akimwona mwanamke na khanga harusini anasoma jina lake kabla hajamsalimia, na anajua kama wifi kasemwa.

Sisi hatuwatengenezei maiko. Hiyo ni kazi ya maduka yenye vizazi. Wateja wetu ni watu wa kawaida wenye siku tatu kubwa. Ya kwanza ni Shichi-Go-San, karibu na tarehe 15 Novemba, watoto wa miaka mitatu, mitano na saba wanapopelekwa kuombewa. Ya pili ni Jumatatu ya pili ya Januari, siku ya vijana kuingia utu uzima, wasichana wanapovaa furisode, kimono ya mikono mirefu inayokaribia kifundo cha mguu. Ya tatu ni mahafali ya Machi. Katikati ya siku hizo tunauza vipini vya yen 800 kwa watalii.

Oktoba iliyopita alikuja mama mmoja na binti wa miaka saba. Alichukua krisanthemu jekundu, akaligeuza nyuma kukagua gundi, jambo ambalo hufanywa na anayejua. Akamsifu Sensei. Sensei akanyoosha mkono kuelekea kwangu: "Ametengeneza huyu." Mama yule alinitazama, akatabasamu, akainamisha kichwa. Kisha akalirudisha krisanthemu mahali pake, taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala kitandani. Akachagua plamu jeupe la pembeni yake, akalipa, akashukuru.

Plamu nalo nilikuwa nimelitengeneza mimi.

Sensei alilifunga kwenye karatasi ya washi, akatia utepe, akampa kwa mikono miwili. Hakusema neno. Walipokwenda zao nilimuuliza kwa nini hakumwambia. Akajibu huku akipanga chenji: "Aliuliza juu ya lile moja tu."

Nimelifikiria jibu hilo kwa miezi. Kuna siku naona lilikuwa la kuchekesha, na kuna siku naona lilikuwa la biashara. Sina kinyongo na yule mama. Alikuwa akinunua kitu cha kumvalisha mwanawe mbele ya miungu ya kwao, na huenda alitaka kitoke mikononi mwa mtu anayejua uzito wake. Nyumbani pia, anayekuja kumpamba bibi harusi hatolewi popote tu. Ila najua kwamba petali ni zile zile. Mikunjo miwili, gundi, mkasi. Kitambaa hakijui umezaliwa wapi.

Ni Sensei aliyeleta wazo la kitenge. Kilikuwa changu, cha njano na buluu, nilikifunga kichwani siku ya baridi, akakishika ncha na kukisugua kwa vidole. Pamba yake ni nzito kuliko hariri, akasema, lakini kwa kipande cha sentimita tano ingekunjika. Nilikuwa na mabaki ya fundi nyumbani, yale unayorudishiwa na gauni lako kwenye mfuko. Tukatengeneza vibanio kumi. Akaandika kadi ndogo kwa brashi: "Kitambaa cha Afrika." Nikamwomba aandike Tanzania, akaandika Tanzania.

Vyote kumi viliisha kabla ya saa sita mchana. Kila aliyenunua alitaka nieleze. Mwanamke mmoja aliniuliza kama mchoro ule una maana ya kabila langu, nikamwambia ulikuwa unaonyesha feni za umeme, na ndivyo ulivyokuwa. Alifurahi zaidi.

Sensei alitaka tuendelee, na kwa nini asitake? Kibanio cha kitenge kina petali 12 tu, kinachukua dakika 40, na kiliuzwa yen 1,800. Kwa hesabu ya nyuma ya risiti, kitenge kinailipa saa moja yen 2,700 kabla ya gharama, na dalia ya hariri yenye petali 48 hailipi saa hata yen 1,300. Mimi mchumi nilipaswa kufurahi. Nilikaa na zile namba na nikaona wazi watu walikuwa wakilipia nini. Petali 12 zilikuwa zikibebwa na hadithi, na hadithi nilikuwa naibeba mimi, nikiwa nimesimama pale na kilemba changu. Siku nisipokuwepo vibanio vile vile vilibaki mezani. Tulijaribu.

Kisha akaniuliza kuhusu khanga.

Aliiona kwenye simu, kwenye picha za mama. Akajua mara moja kwamba ni pamba nyepesi, itakayokunjika vizuri hata kwa sentimita tatu. Nikamweleza kuwa khanga ina pindo, ina mji, ina jina, na kwamba jina ndilo linaloisemesha. Nikamwambia pia jambo nililolisoma maktabani hapa hapa Japani na likanishangaza: kwamba katikati ya karne ya 20 khanga nyingi zilizovaliwa pwani yetu zilichapishwa Japani. Viwanda vya nchi hii vilichapisha maneno ya Kiswahili ambayo wachapishaji hawakuyasoma, vikayapakia melini, na bibi zangu wakayafunga viunoni. Sensei aliguna kwa mshangao. Akasema basi khanga itakuwa inarudi nyumbani. Ilikuwa sentensi nzuri, na nina hakika ingeuza maua mengi.

Nilikuwa na khanga moja tu, nusu ya doti, nusu nyingine anayo mama. Aliikata siku naondoka, ndiyo maana ya kugawana doti. Sensei aliposikia hivyo aliweka mkasi mezani, na habari ya khanga haikurudi tena. Kitenge tunaendelea nacho, vibanio kumi kwa mwezi, si zaidi. Hiyo idadi nilipendekeza mimi, akaikubali bila kuuliza.

Nimesema nasoma uchumi wa kilimo. Tasnifu yangu ni juu ya wakulima wa mwani wa pwani ya Tanga, ambao wengi wao ni wanawake. Wanaingia majini wakati wa bamvua, maji yakitoka, wanafunga mbegu kwenye kamba moja moja, wanarudi kuvuna, wanaanika, wanauza kwa kilo. Kwenye faili langu la kompyuta kila kaya ina safu: kamba, vigingi, usafiri, mifuko. Kuna safu moja inaitwa nguvukazi ya familia. Katika faili nililorithi kutoka kwa utafiti wa awali, safu hiyo imejaa sifuri. Si kwamba mtafiti aliwadharau. Ndivyo inavyofanyika mara nyingi: kazi isiyolipwa fedha taslimu inaandikwa sifuri, ukulima unaonekana una faida, na ripoti inafungwa kwa furaha.

Nilikuwa nimezitazama sifuri zile kwa mwaka mzima bila kuhisi chochote. Ni dalia iliyonifanya nianze kuzihesabu. Mimi nakunja petali katika chumba chenye hita, nimekaa kwenye mto, nalipwa kwa saa kwa sheria ya nchi. Wao wamesimama ndani ya maji ya chumvi mpaka magoti, wanafanya kitendo kile kile cha vidole, kufunga, kubana, kusogea, mamia ya mara, na kwenye karatasi yangu saa zao ni sifuri. Nimemwandikia msimamizi wangu kwamba nataka kurudi uwanjani Agosti na saa ya mkononi. Amejibu kwamba itarefusha kazi. Amejibu pia kwamba niandike bajeti.

Sasa nije kwenye harusi.

Mdogo wangu aliolewa Februari mwaka huu. Kamati iliundwa, kundi la WhatsApp likafunguliwa, ahadi zikaanza kuandikwa. Jina langu liliandikwa kabla sijasema neno: "Dada wa Japani, laki tano." Mjomba akaweka vikofi. Laki tano zilikuwa karibu yen 30,000. Kwa kima cha chini ni kama saa 28 za kazi, dalia 13. Nililipa. Tiketi ya ndege ilikuwa kitu kingine kabisa, na wiki ya harusi nilikuwa na mtihani wa mdomo ambao haukuwa na mbadala. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba sitakuwepo, na nilijua kwamba fedha peke yake, ikishaingia kwenye pilau na kodi ya ukumbi, haina uso.

Bibi yangu alikuwa akitengeneza vikuba. Kwa asiyekulia pwani: kikuba ni kifungu kidogo cha maua mabichi, asumini, kilua, rehani, na vipande vya mkadi, vinavyofungwa kwa uzi na kubanwa kwenye nywele au kifuani. Bibi alikuwa akiviuza barazani jioni, hasa Alhamisi na siku za harusi, kwenye sinia iliyofunikwa jani la mgomba. Asumini huchumwa ikiwa bado imefumba. Mtu akiivaa magharibi, inafunguka usiku kichwani mwake. Asubuhi imekwisha, imekuwa ya kahawia, unaitupa. Nilipokuwa mtoto kikuba kimoja kilikuwa shilingi 200.

Nilimwomba Sensei ninunue kwake hariri nyeupe ya habutae, ile laini isiyo na mchoro. Petali ya asumini ni nyembamba na ina ncha, kwa hiyo nilitumia mkunjo wa upanga, vipande vya sentimita moja na nusu. Maua 30, kila moja petali tisa, na machipukizi mengi yaliyofumba, kwa sababu kikuba cha kweli huwa na machipukizi. Kwa majani ya rehani nilitumia hariri ya kijani kutoka kwenye kimono ya Toji. Nilifanya usiku, nje ya saa za kazi, kwa wiki tano. Sensei alipoona alikaa akahesabu machipukizi kwa ncha ya kibano, akaondoa mawili yaliyokuwa yamelingana mno, akasema maua hayachanui kwa pamoja. Hakukubali nilipe hariri.

Kifurushi kilifika siku nne kabla ya harusi. Mama alinipigia kwa video, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Alilitoa pambo kwenye pamba, akaligeuza, akanyamaza, kisha akalipeleka puani. Nadhani hakukusudia. Ni mkono tu uliozoea.

"Zuri sana mwanangu," akasema. "Ila halinukii."

Mdogo wangu akacheka, akamwambia mama hilo ni la hariri. Mama akasema najua, nasema tu. Siku ya harusi walichukua asumini mbichi za uani wakazichomeka katikati ya zangu. Kwenye picha huwezi kutenganisha zipi ni zipi. Mama anasema asubuhi yake waliondoa zilizonyauka, zangu wakazirudisha kwenye boksi, na lile boksi sasa lina harufu. Anasema labda ni ya hariri. Hariri haina harufu ile.

Bibi haoni vizuri siku hizi. Wiki moja baada ya harusi walimpa pambo alishike, wakanipigia. Alilipitia kwa vidole, petali kwa petali, akiwa ameinua uso kama mtu anayesikiliza redio. Akauliza nimetumia uzi gani. Nikamwambia hakuna uzi, ni gundi ya wanga. Akasikitika kidogo. Akauliza huko yanauzwa kiasi gani. Nikamtajia bei ya dalia kwa shilingi, zaidi ya elfu arobaini, na nikangoja ashangae.

Hakushangaa. Aliuliza: "Moja unakaa nalo muda gani?"

Saa mbili na dakika kumi, nikamwambia. Na yeye je, kikuba kimoja alikaa nacho muda gani? Akasema nani alikuwa akihesabu. Kisha nikasikia anahesabu. "Nikishasali adhuhuri nakwenda kuchuma. Nikirudi nachambua, alasiri nashona. Magharibi nimeshakaa barazani." Vingapi kwa siku? Ishirini, akasema, siku ya harusi kubwa thelathini, na hapo mama yako ananisaidia kuchambua.

Nilichukua daftari la tasnifu, ndilo lililokuwa karibu, nikaandika: saa sita, mtu mmoja, vikuba 20, shilingi 4,000. Chini yake nikaongeza mstari wa pili, wa mama, aliyekuwa msichana wa kuchambua maua. Nikamuuliza kama kuna siku vilibaki. Akasema vilibaki mara nyingi, na vikibaki unalala navyo, ndiyo maana sisi tulikulia katika nyumba inayonukia.

Akauliza kama yule bibi wa Kijapani ananilipa kwa wakati. Nikasema ndiyo, kila tarehe 25, hachelewi.

"Basi msalimie," akasema. "Mwambie na mimi nilikuwa na sinia."